Kinasubiriwa Kipima-Dawa

Sipendi mtu asimame mgongoni mwangu nikifanya kazi, na Mama Kavindu alisimama hapo tangu nifike na begi langu la ufundi kutoka mji wa Kabati. Yeye ndiye msimamizi wa mradi wa maji hapa Nuu. Nje, mitungi ilikuwa kwenye foleni hadi barabarani, na wenye mitungi walikuwa kimya. Kimya hicho kilinitia wasiwasi kuliko kelele. Vijiji vya juu ya mto vilikuwa na kipindupindu, na kisima cha mradi kimechimbwa kwenye mchanga wa mto huo huo.

Kompyuta ya mradi inatumia mfumo wa Linux. Kazi yake ni kusoma kipima-dawa kilicho ndani ya tangi, kutia klorini ya kutosha, ndipo iruhusu maji. Siku hiyo ilikataa kuwaka. Kila nilipojaribu, skrini ilijaa maandishi, kisha ikakwama mahali pamoja: inasubiri kipima-dawa. Ilisubiri mpaka ikachoka, ikasimama.

"Si uiambie iache kusubiri?" Mama Kavindu akasema. "Nthenya, bibi ya kijana yangu, amezaa juzi. Nyumba imejaa wageni, wamekuja kuona mtoto."

Ningeweza. Ni mstari mmoja tu wa maagizo wa kufuta, na mashine ingewaka ikiwa kipofu. Nilimwambia haraka haraka haina baraka, tena kwa ukali ambao hakustahili.

Nikaanza kusoma upya yale maandishi ya kuwaka, moja moja. Ndani ya Linux kuna kitu ambacho kazi yake ni kupokea kila kifaa kinachochomekwa na kukipa jina. Aliyefunga mashine hii aliamua jina litokane na tundu: la kwanza kipima-dawa, la pili pampu, basi. Maandishi yalisema kipima-dawa kimeonekana, kizima kabisa, lakini kwenye tundu la nne, ambalo halikupewa jina. Kwa hiyo kilikuwepo na hakikuwepo.

"Nani amegusa hizi waya?"

"Ni mimi. Jana ngurumo ilipiga vibaya, nikachomoa zote, leo nikarudisha. Si kila mtu huchomoa?"

Kila mtu huchomoa. Mama yangu mwenyewe kule Tseikuru akisikia ngurumo ya kwanza huchomoa hata redio iliyozimwa. Sikuwa na la kumlaumu.

Nikarudisha waya kwenye tundu la kwanza, nikawasha. Safari hii haikukwama, na nilifurahi, siwezi kusema uongo. Kisha kipimo cha dawa kikatokea kwenye skrini. Sifuri.

Sikuelewa. Kama mashine haijaruhusu maji tangu jana, basi yaliyomo tangini ni ya jana, na ya jana yalitiwa dawa.

"Mama, hii tangi iko na maji ya lini?"

Akaangalia mlango. "Jana ilikuwa imeisha. Leo mapema niliwasha pampu na ile swichi ya ukuta. Kidogo tu, nijazie Nthenya mitungi. Hao wa nje sijawapatia hata tone."

"Mpigie."

Akapiga, akaweka spika. Nthenya alipokea akicheka, na nyuma yake wageni walikuwa wakiimba pambio la kanisani.

"Nthenya, hayo maji mmechemsha?" mama mkwe wake akauliza.

"Ya chai tu, mwaitu. Hayo mengine watu wamekunywa hivyo hivyo. Leo ni matamu, haina ile harufu ya dawa. Hata mtoto alishikwa na kwikwi, nikampatia na kijiko."

Mama Kavindu alifunika simu kwa kiganja. Niliona aibu kumtazama, lakini nilimtazama.

"Fundi," akasema polepole, "kijiko moja ni mingi?"