Uzio wa Adeke

Roselida hakupata usingizi mzuri tangu siku watafiti walipozungushia shamba la jirani yake Adeke uzio wa waya. Shamba lenyewe la nini! Nani kati ya Amukura na Malaba asiyejua kwamba viazi vitamu vya Adeke hutoka ardhini vimejaa vinundu na nyufa, kazi ya minyoo ya mizizi, midogo hata jicho haliioni? La Roselida ndilo lililokuwa safi. Sokoni walimwita Mama Viazi, naye aliitika kwa madaha. Sasa madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya kuvuka mpaka wa Malaba walishuka kupiga picha uzio wa Adeke, na Adeke, aliyezoea kuja kwake kuomba marando ya kupanda, alikuwa na mlinzi. Mlinzi wa viazi!

"Ni viazi ya maabara," Adeke alimweleza. "Wameiwekea jeni ya kushinda minyoo."

"Basi nikatie marando kidogo, dada. Mimi nimekukatia miaka mingapi?"

"Siruhusiwi. Hata jani moja haitoki hapa."

Jirani hanyimwi marando; hilo hata watoto wanalijua. Roselida aliondoka akikanyaga kwa kishindo. Ulikuwa wivu, naye hakujidanganya kuwa ni kitu kingine.

Jumapili iliyofuata, Adeke akiwa kanisani na mlinzi Echodu amekwenda kunywa chai, Roselida alipenya chini ya waya. Akauendea mstari wa pembeni, uliokuwa na majani manene kuliko yote. Hapo akafanya kosa ambalo asingemsamehe mtu mwingine. Siku zote aliwafundisha wenzake wakate ncha za marando tu, wasing'oe mizizi, maana ugonjwa husafiri na udongo. Lakini mwizi ana haraka. Aling'oa mashina mazimamazima, tope limeganda kwenye mizizi, akaenda kuyapanda katikati ya shamba lake. Echodu alipoona mashimo alimlaumu fuko.

Miezi ikapita, mvua ikanyesha sana, na maji yakateremka shambani mwa Roselida kutoka juu hadi chini. Marando ya wizi yalitambaa vizuri. Kila alipopita kwenye uzio alicheka kimoyomoyo.

Kisha mtafiti Vivianne akawaita wakulima waje kujionea.

"Hii mistari ya pembeni ni viazi ya kawaida," alisema. "Tumeiacha minyoo ikule, ndio tulinganishe na ile ya katikati. Msidanganywe na majani. Hapa ndio minyoo imejaa zaidi."

Roselida hakungoja kusikia mengine. Alikimbia nyumbani, akachimba katikati ya shamba, akachimba pembeni, akachimba hadi mpakani. Kila mzizi ulikuwa na vinundu. Akaketi kwenye tuta akalia kwa sauti.

Hajafuta machozi vizuri, Adeke akatokea na jembe begani.

"Dada, niazime kipande kidogo nipandie watoto. Yangu wameishika, na viazi yote itachomwa. Sijaonja hata kimoja."

"Haiwezekani."

"Mistari miwili tu. Yako ndiyo shamba safi imebaki."

"Nimesema haiwezekani, Adeke!"

Adeke alishusha jembe. "Wivu itakuua. Unadhani walinichagua kwa uzuri? Walitafuta shamba imeoza kushinda zote, wakapata yangu. Na bado unanionea kijicho!"

Roselida angeweza kunyamaza. Adeke angeondoka na hasira yake, na jina la Mama Viazi lingebaki angalau hadi mavuno. Lakini aliwafikiria wale watoto, mbegu yao na jasho lao vikiingia kwenye udongo ule. Akainama, akang'oa shina moja, akamwekea Adeke mkononi.

Adeke aliligeuza, akapapasa vinundu kimoja kimoja. Akaangalia lile tuta la katikati, lenye majani manene kama ya mistari yake ya pembeni, kisha uzio wake ng'ambo ya njia.

"Roselida," alisema polepole, "hii minyoo ni yangu."