Wimbo wa Zahanati

Felisita aliifuta ile video aliyoirusha mtandaoni, mbele ya mtendaji wa kijiji, machozi ya hasira yakimlenga. Video yenyewe fupi tu: mdogo wake Nyamizi, mimba ya miezi minane, amejitwisha ndoo ya maji anaelekea zahanati. Bomba la pale limekufa, na mjamzito asiyekuja na maji yake anarudishwa nyumbani. Basi! Hilo nalo uchochezi?

"Mtandaoni hakuna jambo dogo," alisema mtendaji Gilbert. "Umesahau bibi Milembe alivyozushiwa uchawi? Ilianzia kwenye simu hizi hizi. Tena wakubwa wakiiona, anayeulizwa ni mimi. Ukirusha tena, polisi."

La bibi Milembe Felisita alilikubali, maana lilikuwa kweli. Lakini uzushi na ndoo wapi na wapi? Nyamizi alikuwa karibu kujifungua, na bomba halikuwa na habari naye.

Akaenda kwa Wagika, kundi lake la ngoma. Pamba ilishauzwa, mashindano yamekaribia, na Wagika wakikutana na wapinzani wao Wagalu, kundi la Gilbert, uwanjani kila upande huimba unachotaka. Nani amewahi kukamatwa kwa wimbo wa ngoma Usukumani?

Siku ilipofika watu walifurika, hadi wa kijiji cha Nkololo. Mgeni rasmi alitoka mkoani, Bariadi. Mtu wa pwani, ukimsalimia kwa Kisukuma "mwadila" anakuitikia "asante". Wagika wakaimba ndoo, wakaimba bomba, wakamwimba na mtendaji aliyeamuru video ifutwe. Uwanja ukaangua kicheko. Mgeni naye, maskini, akapiga makofi na kutikisa mabega.

"Mtamu kweli huu! Wanasemaje?" akamuuliza Gilbert, akimpa kipaza sauti.

Gilbert akakipokea. Angeweza kusema wanamkaribisha mgeni. Felisita aliuona uongo huo ukimjia mdomoni. Ila uwanja mzima ulijua lugha zote mbili, na uwanja mzima ulikuwa unamsikiliza, Wagalu wenzake wakiwemo.

"Wanasema..." Akawatazama Wagika. "Wanasema zahanati haina maji, wajawazito wanajibebea ndoo. Wanasema kulikuwa na video, nikaamuru ifutwe." Akamgeukia mgeni. "Na ni kweli, mheshimiwa."

Mgeni akaacha kutabasamu. "Nani anayo hiyo video?"

"Niliifuta, bhabha, kama nilivyoagizwa," Felisita akajibu. "Lakini zahanati sijaifuta. Ile pale, nyuma ya uwanja. Twende ukaione."

Mgeni akasimama. Gilbert ndiye aliyetangulia kuonyesha njia.