Kishikwambi Kilicholala Kwenye Majivu

Wewe ungekificha wapi kitu usichotaka kiharibike, kama paa lako linavuja na unakwenda msibani kulala huko wiki nzima? Usijibu haraka. Ndaki naye hakuharakisha. Alisimama katikati ya chumba chake, huko pembeni mwa Ibadakuli, kishikwambi mkononi. Akakitazama kitanda, akalitazama sanduku la nguo, akaona pote maji yanafika, na panya nao hawachagui. Mwisho macho yakatua kwenye mtungi wa mbegu.

Ndani ya mtungi ule mlikuwa na mbegu za choroko zilizozikwa kwenye majivu ya kuni, majivu laini yaliyochekechwa. Mama yake alihifadhi mbegu hivyo, na bibi yake vilevile. Mbegu iliyolala kwenye majivu haitobolewi na fukusi wala haipati unyevu. Msimu ukifika unaifukua ikiwa kama ulivyoiacha. Basi Ndaki akakifunga kishikwambi kwa kipande cha kitenge, akakizika humo, akarudisha kifuniko, akaenda zake msibani Mwadui moyo umetulia.

Aliporudi alikifukua, akakipangusa kioo kwa pindo la kanga mpaka akaona uso wake. Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akakipeleka kwa jirani yake Charles, mwenye sola, kikachomekwa tangu asubuhi mpaka kuku wanaingia bandani. Hata kataa kadogo hakakuwaka.

Hapo Ndaki akaanza kuhesabu siku.

Kishikwambi kile aliletewa na Rhoda, binti yake wa mwisho, baada ya kisimu chake cha tochi kutumbukia kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Hakikuwa na laini. Jumapili Ndaki alikuwa akienda kukaa kibarazani kwa Charles, Charles anamgawia mtandao wa simu yake, na Rhoda anatokea kwenye kioo kutoka Nyarugusu, Geita, anakoishi na mumewe Eliya na kuwapikia wachimbaji chakula. Namba ya Rhoda ilikuwa humo humo. Ndaki hakuijua kwa kichwa, na Charles hakuwa nayo.

Na Jumapili ile ya mwisho, kabla ya msiba, Rhoda alikuwa amemwuliza jambo.

"Mama, Jumamosi ya wiki ijayo Eliya ananisafirisha. Mimba hii ya kwanza hataki nijifungulie huku machimboni. Mama mkwe amesema niende kwake Ushirombo. Wewe je, unataka niende wapi?"

Ndaki alikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa kooni tangu alipoambiwa habari ya mimba. Lakini ng'ombe wa mahari walikwishapokelewa, tena wote, na yeye mwenyewe alipiga vigelegele zizini. Mtu aliyekwishapokea ng'ombe anaanzaje kumdai binti arudi? Akasema tu, "Mtakavyoona ninyi, mwanangu." Rhoda akamtazama, kisha akasema, "Haya, mama. Ukibadili neno nipigie kabla ya Jumamosi. Usiponipigia, nitakwenda Ushirombo."

Sasa ilikuwa Ijumaa. Asubuhi Ndaki akakiweka kishikwambi kwenye kikapu, juu yake akapanga michembe kidogo, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, maana haendi mtu kwa fundi mikono mitupu kama anataka kazi ya moyo, akaondoka kwenda mjini Shinyanga.

Fundi aliyeelekezwa alikuwa mwanamke, anaitwa Mwahija, ana kibanda nyuma ya soko, hijabu imefungwa vizuri na miwani imesukumwa juu ya paji la uso. Kwenye benchi alikuwapo mzee mmoja, Bujiku, anasubiri redio yake, na mdomo wake haukuwa na foleni.

"Shikamoo, mama," alisema Mwahija.

"Marahaba, mwanangu. Kimegoma kuwaka."

"Mwangaluka, mayu," akaingilia Bujiku, akimsalimu mama kwa Kisukuma. "Karibu hapa. Mimi redio yangu imelazwa tangu juzi, daktari anasema inaendelea vizuri."

"Mzee, wewe redio yako uliitia mafuta ya alizeti," alisema Mwahija bila kuinua kichwa. "Mama, kilianguka?"

"Hakikuanguka."

"Kiliingia maji?"

"Hata tone."

"Mara ya mwisho kilikuwa na chaji?"

"Kidogo. Nilikuwa msibani."

Mwahija akatoa chaja yake mwenyewe na waya wake mwenyewe, kwa maelezo kwamba mara nyingi ugonjwa huwa kwenye waya, si kwenye mashine. Akachomeka. Wakasubiri. Akabadili waya. Akakishika kitufe cha kuwashia akakibana muda mrefu, kisha akakibana pamoja na kile cha sauti, kama mtu anayemfinya mtoto aliyejifanya amelala. Kioo kikabaki cheusi.

"Kuna waliokikalia?" aliuliza Bujiku.

"Mzee!"

"Ninauliza tu. Mimi mke wangu alikalia miwani."

Mwahija alichungulia tundu la chaji, akaligeuza kwenye mwanga, hakuona kutu wala chuma kilichopinda. "Unakiweka wapi, mama, nyumbani?"

"Pazuri," alisema Ndaki.

"Pazuri wapi?"

"Pakavu."

Aliona aibu. Watu wa mjini wakisikia wataipeleka habari hiyo mpaka Isaka, na huyu mzee wa redio ndiye atakayekuwa mpiga ngoma. Akainamia kikapu chake akajifanya anapanga michembe.

Mwahija akachukua bisibisi. "Basi ni betri. Nitakifungua, nitakiacha hapa. Betri ya aina hii naagiza Mwanza, njoo wiki ijayo katikati."

"Wiki ijayo?"

"Ndiyo, mama. Haiji mapema zaidi."

Bisibisi ndogo ilikwishagusa skrubu. Ndaki akaiona wiki ijayo nzima: Rhoda ameshafika Ushirombo, mwanamke mwingine anamkorogea uji, mwanamke mwingine anambeba mtoto. Akauweka mkono wake juu ya kishikwambi.

"Mwanangu, ngoja. Nilikizika kwenye majivu."

Bisibisi ikasimama. "Wapi?"

"Kwenye mtungi wa mbegu. Paa linavuja. Majivu hayaingizi unyevu."

Bujiku akafungua mdomo, na Ndaki akamngojea. Lakini mzee akaitikia kwa kichwa polepole. "Ni kweli, hayaingizi. Hata mimi mbegu zangu ziko humo." Halafu akashindwa kujizuia. "Ila mayu, msimu wa mvua vingeota vishikwambi shamba zima, ungetugawia."

Mwahija alicheka mpaka miwani ikamshukia puani, mahali ilipotakiwa. Akachukua kijiti chembamba cha mti, akakiingiza taratibu kwenye tundu la chaji, akakizungusha. Kikatoka kidonge kigumu cha kijivu. Akaingiza tena, kikatoka kingine. Majivu yalikuwa yameshindiliwa kule chini kabisa, rangi yake na ya chuma ile ile, ndiyo maana hakuyaona. Kila waya uliochomekwa, wa Charles na wa kwake, ulizidi kuyasukuma ndani.

"Mama, ungeniambia tangu mwanzo," alisema. "Waya ulikuwa unaingia nusu, mimi nikadhani umbo lake ndilo hilo."

Akapiga kwa brashi laini, akapitisha pamba yenye spiriti kidogo, akaacha pakauke vizuri, akachomeka. Safari hii waya uliingia ukagota.

Hakikuwaka.

"Usishtuke," Mwahija alimwambia. "Kimeishiwa kabisa. Kikiishiwa namna hii hakiwaki papo hapo, lazima kinywe kwanza."

Wakakiacha kinywe. Wakala michembe. Bujiku alisimulia mambo ya redio yake, hakuna aliyesikiliza. Ndaki hakukiondolea macho kile kioo. Ndipo pakatokea alama ya betri, nyembamba, nyekundu, ikapotea, ikarudi ikakaa. Mwahija akabana kitufe, mwanga ukajaa, akamgawia mtandao wa simu yake bila kuombwa.

"Usichomoe waya, piga hivyo hivyo."

Rhoda alipokea akiwa jikoni, uso umelowa jasho, nyuma yake makarasha yanaunguruma yakisaga mawe ya dhahabu.

"Mama! Nilidhani umekasirika! Nguo nimeshafunga."

"Sijakasirika, mwanangu. Hamjambo huko? Eliya hajambo?"

"Hajambo."

"Msiba tumemaliza salama. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha. Mvua huku zinanyesha, choroko tutapanda mapema. Na huyo Charles amekohoa wee, sasa amepona."

"Sawa, mama."

"Na paa bado linavuja upande wa..."

"Mayu," alisema Bujiku kwa sauti ya chini, "mbona unazunguka birika na maji unayaona?"

Mwahija akamkanyaga mguu. Rhoda kwenye kioo, kijiko kikubwa mkononi, alikuwa anamtazama mama yake kama Jumapili ile. Ndaki akakishika kishikwambi kwa mikono miwili.

"Rhoda, nisikilize. Ng'ombe walipokelewa, na mama mkwe wako ni mtu mwema, nitampigia mwenyewe nizungumze naye kwa heshima. Lakini uliniuliza nikakujibu vibaya. Nataka uje nyumbani. Mimi ndiye nikusindikize zahanati, mimi ndiye nikukorogee uji, na mtoto nimwogeshe mimi."