Nani Mkubwa, Rusana au Velika

Haya niliambiwa na Rusana mwenyewe, Jumatatu ya kwanza ya mfungo mkuu, tukisugua masufuria kwa majivu ili mafuta yote yatoke.

Rusana ndiye aliyekuwa akioka mkate wa altare hapa kijijini, miaka ishirini sasa. Wiki chache kabla ya mfungo, wifi yake Velika, dada wa mumewe, alisema mlangoni pa kanisa kwamba mkate wa siku ile utavunja meno ya padri. Watu wakacheka. Rusana akamjibu kwamba mtu ambaye hajawahi kumkandia mtoto unga asiseme habari za mkate. Hakuna aliyecheka tena. Velika hakujaliwa mtoto.

Basi ikafika Jumapili ya kusameheana, siku ya mwisho ya kula mayai na jibini kabla ya mfungo. Kwetu mdogo ndiye huenda kwa mkubwa, akabusu mkono, akaomba radhi kabla jua halijazama. Na padri alishasema, mwenye ugomvi asiguse unga wa altare.

Wale wawili walizaliwa mwaka mmoja. Rusana akachemsha mayai, akaoka mkate wa jibini, akakaa kumngoja Velika. Akainuka. Akaenda langoni, akarudi, akapasha mkate, akaenda tena langoni. Mumewe, Minko, akawa anamtazama tu.

"Unamngoja nani?"

"Mdogo wangu."

"Mdogo yupi? Miaka yote unaapa kwamba Velika kakutangulia kuzaliwa. Leo umezeeka ghafla, bibi wee?"

Rusana akamwambia ale yai lake anyamaze. Lakini jua lilishafika kwenye paa la zizi, na njia tupu. Akajifunga kitambaa, akatoka kwenda kwa Velika, huku akipanga maneno: nimekuja, ingawa wa kuja ni wewe. Alipofunguliwa akayasema hivyo hivyo. Velika akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango taratibu.

Rusana akazunguka ule ua mara mbili, mara tatu, kama kuku anayetafuta pa kutagia, hasira zimemjaa. Halafu akachungulia dirishani. Mezani pana mayai, mkate wa jibini, sahani mbili. Velika amekaa na nguo zake za kanisani, mikono mapajani. Nyumba ile haikuwa na mtu mwingine wa kungojwa ila Rusana.

Akagonga tena. Mlango ulipofunguka akapiga magoti pale pale kizingitini, kwenye tope la theluji.

"Wifi, nilikuchoma mahali nilipojua panauma. Nisamehe."

Velika akamtazama pale chini hata soksi za Rusana zikalowa.

"Mungu akusamehe. Mimi bado. Ingia ule, mkate unapoa."

Wakala. Rusana akasema Jumamosi mjane wa fundi viatu akande unga wa altare badala yake, mpaka hapo Velika atakapokuwa tayari, hata ikipita Pasaka. Velika akamsogezea chumvi. Baadaye kidogo akasinzia pale pale kitini. Rusana akaosha sahani, akaanika soksi kando ya jiko, akakaa kuzingoja zikauke. Kabla hazijakauka, usingizi ukamchukua.