Figo Iliyobaki

Fundi cherehani alikuwa mwanamke wa makamo. Alishona sare za shule maisha yake yote, na alikuwa amezoea kula peke yake, tena akiwa amesimama. Valvu moja ya moyo wake ilichoka, ikawa hata kupanda ngazi chache kunamtoa pumzi. Daktari wa upasuaji alimwambia itabadilishwa, kisha akatazama picha, akakunja uso.

"Mama, mbona naona figo moja?"

"Nyingine nilimpa mdogo wangu."

"Ndiye atakayekuja kukuuguza?"

"Tulishamzika, daktari. Na figo yangu ndani yake."

Mdogo wake ndiye aliyekuwa ndugu yake wa mwisho. Figo ile ilimrudishia sauti na vichekesho vyake, mpaka nimonia ikamchukua. Fundi hakuwahi kujutia kumpa. Ila siku nyingine, akiwa katikati ya kukata kitambaa, alihisi sehemu yake imetangulia kaburini, naye anacheleweshwa.

Siku moja kabla ya upasuaji, mwanamke mrefu alikuja akavuta kiti. Alisema yeye ndiye mwendesha mashine itakayofanya kazi ya moyo.

"Moyo wako tutausimamisha, dada, damu ipite kwenye mashine yangu. Anayeteseka hapo ni figo. Haipendi damu nyepesi, wala damu inayosukumwa kinyonge. Kwa hiyo presha yako nitaiweka juu kuliko ya wengine, na maji kwenye mashine nitayapunguza, damu isichujuke."

"Na ikigoma?"

"Inaweza kulala siku kadhaa, tukakusafisha damu kwa mashine nyingine. Inaweza isiamke. Sitakudanganya."

"Basi nitunzie. Sina ya akiba."

Wakacheka wote wawili. Mwendesha mashine akauliza, "Tukimaliza, tumpigie nani?"

Fundi alifikiri mpaka kicheko kikamwisha usoni. "Niambieni mimi mwenyewe nikiamka."

Kesho yake, moyo ukiwa umesimama, presha ilianza kuteremka. Mwendesha mashine akaongeza kasi ya damu. Ikapanda kidogo, ikarudi chini.

"Tumpe dawa ya kubana mishipa," alimwambia daktari wa usingizi. Kisha akamgeukia mpasuaji. "Bado sana?"

"Namalizia kushona."

"Figo ni moja, daktari."

"Sijasahau."

Dawa ikashika, presha ikatulia. Lakini kwenye mpira wa mkojo hakikupita kitu.

Fundi alipoamka, kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, neno lake la kwanza lilikuwa, "Figo?" Nesi akamwonyesha mfuko. Chini kabisa kulikuwa na mkojo kidogo, mweusi kama chai ya rangi.

"Imezubaa," nesi alisema. "Tuipe muda."

Siku ile ikapita, mfuko vilevile. Madaktari walisimama miguuni pake wakizungumzia kumsafisha damu. Kwenye vitanda vya jirani, ndugu waliruhusiwa kuingia mmoja mmoja, wakinong'ona na kupangusana machozi. Fundi alitazama dari na kumsemesha mdogo wake kimoyomoyo: yako ilikukubali, hii yangu inaninunia.

Asubuhi iliyofuata mwendesha mashine alipita kabla ya kuingia kazini. Hakusalimia. Alichuchumaa kando ya kitanda, akauinua mfuko wa mkojo.

"Dada," alisema, "umekojoa. Tena mwingi, na ni mweupe."

Fundi akalia bila sauti, maana kifua kilimuuma. Mwendesha mashine alimshika mkono, lakini simu yake ikaita. Mgonjwa mwingine alikuwa tayari mezani. Akaondoka haraka.

Fundi alichukua simu yake. Majina yalikuwa ya wateja na wauza vitambaa, na lile la mdogo wake, ambalo hakuwa amelifuta. Akaiweka chini.

Bibi mmoja aliyekuja kumwona mumewe kitanda cha pili alikuwa akipita. Fundi akampungia mkono.

"Shikamoo, mama. Nimekojoa."

Bibi alimtazama, akautazama mfuko, akaelewa.

"Marahaba, mwanangu. Hongera sana!"

Alibaki amesimama pale kidogo, akimtengenezea shuka, mpaka mumewe alipoita naye akarudi kwake.