Sura ya Pili Imelazwa

Usiku wa jana niliota nimekwenda chuoni kwa binti yangu Atuganile kuulizia sura ya pili ya utafiti wake. Isipopita wiki hii, hahitimu mwaka huu. Mlinzi akaniambia imelazwa.

"Imelazwa wapi?"

"Wodini. Wahi, mzee, muda wa kuona wagonjwa unaisha."

Naingia. Kweli, karatasi zimelala vitandani, zimefunikwa shuka hadi shingoni. Sura ya mwanangu imetundikiwa dripu ya wino mwekundu.

"Shikamoo, babu," inasema.

"Marahaba. Unaumwa nini?"

"Sijui. Kila siku naandikiwa 'fafanua'. Nifafanue kipi?"

Walimu wanapita na makoti meupe. Mbele yuko msimamizi wa Atuganile, Dokta Kitundu. Kila kitanda anaandika neno moja, anasonga. Kwa aya ya jirani anaandika "haisimami". Aya inaanguka sakafuni, puu! Anairuka.

Mimi niliishia darasa la sita, lakini hospitali naijua.

"Dokta, mbona huwatibu?"

"Nimeshaandika, mzee."

"Dawa iko wapi?"

"Mwanafunzi ataijua."

"Angeijua angekuja kwako?"

Anashusha pumzi. "Hawasomi ninachoandika. Wanauliza alama tu, kama mgonjwa anayetaka kujua kilo zake. Nikiandika mengi, wanalia nimewachafulia kazi. Nikiandika machache, wanakuja na wazazi."

Mara wodi ikawa uwanja wa mahafali. Majina yanaitwa. Atuganile amevaa joho, amebeba chupa ya dripu, na jina lake halitajwi. Wanamruka kama ile aya.

Nikamkamata Kitundu koti. "Keti. Soma mpaka mwisho."

"Nina lundo, mzee!"

"Soma hii moja."

Akasoma. Sura inakohoa kila akifunua ukurasa. Mahali fulani akabonyeza kwa kidole. "Hapa?"

"Uwii! Hapo hapo!"

"Basi andika hivyo," nikasema. Koti sikuachia.

Nikaamshwa na Atuganile, simu mkononi.

"Baba, Dokta amerudisha sura! Leo hakuna 'fafanua'. Sikiliza: 'Unasema wakulima waliikataa mbegu mpya, husemi kwa nini. Kawaulize, kisha nitaipitisha.'"

"Si ukawaulize?"

"Nakwenda. Ila chini ameongeza: 'Mwambie mzee aniachie koti.' Mzee gani, baba?"

Nikamwambia wakulima huondoka nyumbani mapema, awahi.