Ile Rili ya Zaidi

Mimi nina mdomo, sikatai. Mkonze nzima hapa Dodoma wanajua. Lakini kuna jambo moja nililifungia mdomo huu miezi mitano, na nilifanya hivyo ili mume wangu Lameck asijue kwamba mikono yake haiaminiki tena. Hilo tu ndilo nililolitaka. Mengine niliyavumilia. Ufunguo wa nyumba nikaukuta ndani ya gunia la uwele. Akampigia simu binti yetu Anitha kumuuliza kama mtihani wa darasa la saba ulikuwa mgumu, na Anitha mwenyewe ana watoto wawili. Daktari alishatuambia kwamba ugonjwa ule wa kusahau haurudi nyuma. Nikasema sawa, uchukue vingine vyote, ufundi umwachie.

Lameck ni fundi wa rili. Kwa msiojua, rili ni ile mashine ndogo inayofungwa kwenye fimbo ya kuvulia samaki, unazungusha mpini, mshipi unajikunja. Zamani alikuwa fundi saa, simu zikaja, watu wakaacha kuvaa saa. Kisha serikali ikahamia huku, wakaja watu wa ofisini wenye fimbo za kuvulia, Jumamosi wako bwawa la Hombolo, Jumatatu rili imejaa tope. Mmoja akamletea, wengine wakafuata. Nyingi ni zile zilizozibwa kabisa, kila kiungo kina raba ya duara, sili, ya kuzuia maji na vumbi. Watu wanadhani kwa kuwa imezibwa basi haitaki huduma. Upuuzi mtupu. Grisi ya ndani inakauka kama uji uliolala, na usipoibadilisha beringi zinaanza kusagika. Ila kuifungua ndiyo shughuli. Sili ukiiosha kwa petroli inavimba. Ukiirudisha bila kuipaka grisi, inajikunja ukikaza skrubu. Ukiisahau, umemrudishia mtu kikombe cha kuchotea maji.

Haya nimeyajua kwa kukaa tu. Miaka saba nimekaa mbele yake barazani na sahani mapajani, yeye anafungua skrubu moja moja, mimi nazipanga kama zilivyotoka. "Mama Anitha," ananiambia, "ukipiga chafya leo nakurudisha kwenu." Mimi namjibu kwamba kwetu wameshanisahau, atafute pengine. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu.

Wiki ya Pasaka alifunga rili ya mtu, akaifuta, akaitia kwenye kimfuko chake, na kwenye sahani yangu ikabaki sili. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikamwona anavyoimba chini chini, uso umemnawiri, nikameza maneno. Jumatano hiyo alipokwenda mazoezi ya kwaya ya wazee, maana nyimbo zote bado anazikumbuka, ubeti kwa ubeti, nikaifungua rili ile, nikairudisha sili mahali pake, nikafunga. Hakuna aliyejua.

Tangu siku hiyo kila alichofunga yeye, mimi nilikifungua nyuma yake. Nilikuta skrubu ndefu mahali pa fupi. Nilikuta beringi kavu kabisa. Siku moja nikakuta kipande cha chapati, nikacheka, halafu nikalia mpaka jirani akauliza kulikoni. Wateja wakija wanasema fundi Lameck hana mpinzani Dodoma hii, naye anajinyoosha kwenye kiti chake kama mkuu wa wilaya. Mimi nachota maji ya kunywa naleta, nanyamaza. Nilikuwa na furaha, msinione mwongo.

Ndipo ikaja rili ya Zaidi. Zaidi ni Mrangi wa Kondoa, anafanya biashara ya alizeti, na ni mteja wetu tangu mwanzo, mtu asiyeingia kwetu bila kuniamkia na kuniuliza habari za magoti yangu. Rili yake ni ya zamani, hata waliozitengeneza wameshaziacha. Chini ya mfuniko ina sili moja kubwa ambayo haina ya kubadilishia, tumeitafuta mpaka Dar. Lameck alimwambia mbele yangu, "Hii sili imezeeka kama mimi. Nitaitoa mara moja, nitairudisha mara moja, baada ya hapo isiguswe." Nilisikia kwa masikio yangu haya.

Alifanya kazi tangu asubuhi mpaka saa tisa. Polepole mno, hata wimbo hakuimba. Alipomaliza alizungusha mpini, akaiweka sikioni, kisha akanipa mimi. "Sikiliza," akasema. Sikusikia kitu, na kwa rili kutosikia kitu ndiyo uzima wake. Akavaa koti lake, akaenda kwenye kwaya.

Mimi nikachukua bisibisi.

Nilijiambia ni kwa heshima yake, asije akaaibika kwa Zaidi, kwa mtu mwingine afadhali. Nikafungua skrubu ya kwanza, iko mahali pake. Ya pili, ya tatu, zote. Nikainua mfuniko. Grisi imepakwa nyembamba, sawasawa, kila jino la gia. Sili imekaa kwenye mfereji wake utadhani imetoka kiwandani leo. Niliangalia mara tatu nikitafuta kosa, sikuliona. Mume wangu alikuwa amerudi siku ile, yeye mwenyewe, fundi Lameck ninayemjua, na mimi nilikuwa nampekua kama mwizi.

Nikaharakisha kuifunga kabla hajarudi. Niliporudisha mfuniko nikahisi kitu kimegoma. Nikaufungua tena, sili imebanwa, imepata ufa upande wa ndani, mwembamba kama unywele. Ya kubadilishia hakuna. Nikaipaka grisi nyingi, nikafunga taratibu, nikaomba Mungu. Nilipaswa kusema siku ileile, nikaogopa.

Wiki mbili baadaye Zaidi alirudi. Akatuamkia, akauliza habari za magoti, akakaa kwanza kabla ya kuitoa. Alisema mtumbwi ulilalia upande, fimbo ikazama kidogo tu, na sasa rili inakoroma. Lameck akaifungua palepale. Yakatoka maji ya tope, yakamchuruzikia kwenye suruali. Akaitoa ile sili, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Nimeibana," akasema.

"Mzee, ni kitu cha zamani, kimechoka tu," Zaidi akamwambia.

"Hapana. Imebanwa wakati wa kufunga. Nimeibana mwenyewe."

Akaanza kukusanya bisibisi zake, moja moja, anazitia sandukuni. "Mama Anitha, wateja waambie watafute fundi mwingine. Mimi nimekwisha."

Ningeweza kunyamaza. Siri yangu ilikuwa imekaa salama kabisa, hakuna aliyeniuliza. Lakini angekufa na lawama ya kazi moja aliyoifanya bila kosa, na kosa ni langu. Nikajikaza kisabuni.

"Ni mimi," nikasema. "Wewe uliifunga vizuri. Mimi niliifungua ulipokwenda kwaya, nikaibana wakati wa kurudisha."

Zaidi, mtu mwenye adabu zake, akainuka, akasema atapita siku nyingine. Lameck hakumwangalia.

"Uliifungua kwa nini?"

"Nilikuwa nahakikisha."

"Hii tu?"

Uongo ulikuja mpaka kwenye meno, nikashindwa kuutoa. "Zote. Tangu Pasaka."

Alifunga sanduku, akaweka mkono juu yake. Nilitaka anitukane, nimjibu, tugombane kama watu wazima.

"Hii ya Zaidi," akasema mwishowe. "Ulipoifungua, uliikutaje?"

"Haikuwa na kosa."

"Hata moja?"

"Hata moja, Baba Anitha."

"Hebu sema tena."

Nikasema tena. Akatabasamu kidogo, akaingia ndani kulala, na mimi nikabaki barazani nikilia kwa shukrani, nikidhani tumevuka.

Asubuhi alikuwa amesahau maneno yangu yote. Maji ya tope aliyakumbuka. Sili iliyobanwa aliikumbuka, mpaka ufa ulikuwa upande gani. Kwamba mkewe alisema ni yeye, hilo halikuwamo.

Sasa watu wakija anawaambia mwenyewe, bila kuulizwa: niliharibu rili ya Zaidi, nikaacha kazi. Nimemweleza kwa upole. Nimemweleza kwa hasira. Nimemwita Zaidi kutoka Kondoa aje amwambie alichosikia, akaja, akamwambia. Jana nimemweleza tena tukiwa tunachambua mlenda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika mkono.

"Asante, mke wangu," akasema. "Najua unanipenda. Lakini usijisingizie. Mimi ni fundi, kazi niliyoiharibu naijua."